Ukumbi kama Matini: Jumba la Auditorium la Chicago na Suala la Hadhira

Uhakiki wa tamthilia, kama unavyofundishwa katika vyuo vyetu, huanza na matini na aghalabu huishia hapo hapo. Wahusika huchambuliwa, dhamira hutajwa, lugha hupimwa, na mhakiki aliye mwangalifu zaidi huongeza aya moja au mbili kuhusu maleba na mwanga. Jumba lenyewe, yaani kuta zake, viti vyake, milango na njia zake za kuingilia, huachiwa wasanifu wa majengo. Mgawanyo huo wa kazi una hasara. Kabla mhusika wa kwanza hajafungua kinywa, jumba la maonyesho limekwisha kuamua nani aketi wapi, nani asikie nini, nani aonwe na nani, na nani abaki nje. Makala hii inakusudia kulisoma jumba moja kwa vigezo vile vile vya fani na maudhui ambavyo mhakiki huvitumia kusomea tamthilia. Jumba hilo ni Auditorium ya Chicago, kazi ya Dankmar Adler na Louis Sullivan, lililofunguliwa tarehe 9 Desemba 1889 na ambalo hadi leo watu husafiri kutoka mbali kwenda kulitazama hata siku ambazo hakuna onyesho lolote.

Msomaji wa Kenya ana sababu yake ya kulijali jumba hilo. Kila tarehe 1 Mei, nchini Kenya kama katika nchi nyingine nyingi, kazi husimama kwa ajili ya Sikukuu ya Wafanyakazi. Siku hiyo chimbuko lake ni mgomo wa mwaka 1886 nchini Marekani, ambapo wafanyakazi walidai siku ya kazi iwe ya saa nane, na kitovu cha mgomo huo kilikuwa Chicago. Tarehe 3 Mei polisi waliwapiga risasi wagomaji karibu na kiwanda cha McCormick. Kesho yake jioni, katika uwanja wa Haymarket, mtu ambaye hajajulikana hadi leo alirusha bomu katikati ya polisi waliokuja kuuvunja mkutano wa kulalamikia mauaji hayo. Polisi saba walikufa, na raia kadhaa pia. Watu wanane walishtakiwa, ingawa hakuna ushahidi uliowahi kuonyesha kwamba yeyote kati yao ndiye aliyelirusha bomu lile. Saba walihukumiwa kifo.

Mwezi huo huo wa Mei 1886, mabaki ya Haymarket yakiwa bado moto, Ferdinand Peck alisimama mbele ya Commercial Club, klabu ya matajiri wa Chicago wa aina ya Marshall Field na George Pullman, akawapendekezea wajenge jumba kubwa la opera. Peck mwenyewe alikuwa mrithi wa ardhi nyingi mjini. Mwaka uliotangulia, 1885, alikuwa amesimamia tamasha la opera la majuma mawili katika jengo la maonyesho ya biashara, ambamo Adler na Sullivan walitengeneza ukumbi wa muda. Wazo lake halikuwa la anasa tu. Aliamini kwamba muziki na tamthilia, vikifikishwa kwa mfanyakazi kwa bei anayoimudu, vingepunguza uhasama wa kitabaka uliokuwa ukiutisha mji. Mji wenyewe ulikuwa ukifura kama unga uliotiwa hamira: watu nusu milioni mwaka 1880, zaidi ya milioni moja mwaka 1890, wengi wao wahamiaji wa juzi na jana.

Hapa mhakiki hana budi kuwa mwangalifu. Ni rahisi kumsifu Peck kuwa mfadhili wa wanyonge, na ni rahisi vile vile kumtupilia mbali kama bwanyenye aliyetaka kuwalewesha makabwela kwa nyimbo. Tarehe zenyewe zinaelekea kuunga mkono rai ya pili. Oktoba 1887 Rais Grover Cleveland alihudhuria uwekaji wa jiwe la msingi la Auditorium. Tarehe 11 Novemba mwaka huo huo, Albert Parsons, August Spies, Adolph Fischer na George Engel walinyongwa katika jela ya mji ule ule. Wa tano, Louis Lingg, alikuwa amejiua kizuizini siku moja kabla. Waliosalia walisamehewa na Gavana John Peter Altgeld mwaka 1893, aliyeandika kwa urefu kwamba hawakutendewa haki. Lakini nia ya mfadhili, kama nia ya mtunzi, haitoshi kueleza kazi. Kinachopaswa kuulizwa ni kile ambacho jengo lenyewe linasema.

Mzuru anayelikaribia kutoka upande wa ziwa huona kwanza ukuta mzito wa mawe: graniti isiyolainishwa katika ghorofa za chini, mawe ya chokaa juu yake, na matao makubwa yanayozikumbatia ghorofa kadhaa kwa pamoja. Hakuna nguzo za Kigiriki, hakuna sanamu za miungu ya sanaa juu ya paa, hakuna kuba. Kwa hakika hakuna ishara yoyote inayotangaza kwamba hapa pana jumba la opera. Upande wa mashariki ulikuwa hoteli ya vyumba 400; upande wa magharibi zilikuwa ofisi na maduka ya kukodisha; na ukumbi ulifichwa katikati, tumboni mwa jengo, mlango wake ukiwa chini ya mnara wa ghorofa 17 upande wa kusini. Sababu ya mpangilio huo ilikuwa ya kihesabu. Kodi ya hoteli na ofisi ilikusudiwa iulipie ukumbi ili tiketi zisipande bei. Jumba la opera la Paris, lililokamilika mwaka 1875, limesimama peke yake katikati ya uwanja kama mfalme aliyeketi kitini, na liliendeshwa kwa ruzuku ya serikali. La Chicago lilijibana kati ya wapangaji wake. Kwa lugha ya kihakiki, muundo wa nje wa Auditorium ni muundo wa uchumi wake uliowekwa wazi bila haya, na katika hilo ni jumba la kweli kuliko mengi yaliyolitangulia.

Mlango wenyewe hauna fahari. Mgeni hupita chini ya matao, akaingia katika ukumbi wa mapokezi wenye dari ya chini na mwanga hafifu, sakafu yake ikiwa imepambwa kwa vipande vidogo vidogo vya marumaru. Njia ni fupi na imebana. Kisha hupita mlango mwingine, na ghafla nafasi hufunguka mbele yake: matao mapana ya umbo la nusu yai, moja ndani ya jingine, yakipanuka kutoka jukwaani kuelekea kwa watazamaji, yote yamefunikwa kwa nakshi za majani na maua zilizopakwa dhahabu na kuzungukwa na taa za umeme. Taa hizo zilikuwa 3,500 hivi, balbu tupu zisizo na kivuli, katika miaka ambayo nyumba nyingi za mji zilikuwa bado zikitumia gesi na mafuta. Wenye kuandika juu ya Sullivan hupenda kuimba sifa za nakshi hizo, na zinastahili. Lakini jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba matao hayo si mapambo. Adler, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani na kujifunza kazi yake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyapanga hivyo ili sauti itoke jukwaani kama inavyotoka katika kinywa cha baragumu, imfikie aliyeketi mwisho wa roshani bila kupotea njiani. Ndani ya matao hayo hayo alipitisha mifereji ya hewa, iliyopozwa kwa barafu wakati wa joto. Sakafu ya viti nayo ilipandishwa kwa mkunjo uliokokotolewa ili kila safu isikie na kuona juu ya vichwa vya iliyotangulia. Kanuni ambayo Sullivan aliitangaza kwa maandishi mwaka 1896, ya umbo kuitii kazi, ilikuwa imekwisha kutekelezwa na mshirika wake katika matao haya.

Suala la sauti si la kiufundi peke yake. Katika majumba ya opera ya kale, viti bora vilikuwa vijumba vya faragha vilivyopangwa duara kuzunguka ukumbi, ambavyo familia za kitajiri zilivikodi kwa msimu mzima. Mwenye kijumba aliketi akiwatazama wenzake wa upande wa pili kama alivyolitazama jukwaa. Onyesho halisi lilikuwa yeye. Metropolitan Opera ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1883, ilijengwa kwa kusudi hilo hasa: matajiri wapya walioshindwa kupata vijumba katika jumba la zamani walijijengea lao, lenye vijumba tabaka tatu. Auditorium ilikuwa na viti zaidi ya 4,200, na vijumba 40 tu. Navyo vilisukumwa pembeni, kuta za kulia na kushoto, mahali ambapo jukwaa huonekana kwa upande. Eneo la katikati, ambalo kwingine lingekuwa la wenye vijumba, waliachiwa watu wenye tiketi moja moja. Kwa maneno mengine, Adler na Sullivan waliandika upya uhusiano wa hadhira na jukwaa: wote wanatazama upande mmoja. Mhakiki atakayepuuza jambo hili na kurukia orodha ya opera zilizoimbwa humo atakuwa amepoteza nusu ya habari.

Liko jambo jingine ambalo lafaa kumvutia mwanafasihi. Mwaka 1886 Sullivan aliwasomea wasanifu wenzake utungo wa kishairi wa lugha ya nathari alioupa jina *Inspiration*, kuhusu kuzaliwa, kukua na kufa kwa viumbe katika majira ya mwaka. Maneno kutoka katika utungo huo yaliwekwa kwenye michoro mikubwa ya kuta mbili za ukumbi, upande mmoja majira ya kuchipua, upande wa pili majira ya majani kupukutika, na juu ya tao la jukwaa ukapakwa mchoro wa tatu, wenye watu 45 wa kimo cha binadamu, unaoufunga mzunguko. Kwa hiyo anayeketi humo amezungukwa na utungo wa mjenzi wenyewe. Ubora wa utungo huo kama fasihi ni wa kawaida. Una jazba nyingi na picha chache zilizo imara. Sullivan aliifikia lugha yake ya kweli katika plasta na chuma. Hata hivyo, hatua ya kuweka maneno yake ukutani badala ya sanamu za Beethoven na Shakespeare peke yao ilikuwa dai la kisanaa: kwamba mji usio na historia ndefu unaweza kujitungia alama zake.

Dai hilo lilikwama jukwaani. Usiku wa ufunguzi aliimba Adelina Patti, mwimbaji aliyejulikana duniani kote kwa sauti yake na kwa ukubwa wa malipo aliyoyadai, na usiku uliofuata ikaigizwa opera ya Charles Gounod juu ya kisa cha Romeo na Juliet. Rais aliyehudhuria ufunguzi, Benjamin Harrison, alikuwa amepitishwa na chama cha Republican kugombea urais ndani ya ukumbi huo huo mwezi Juni 1888, kabla haujakamilika. Fani ilikuwa mpya kabisa. Maudhui yalikuwa ya kuazima. Peck alikuwa ameuliza nani ataingia na kwa bei gani. Hakuuliza ni hadithi za nani zitakazosimuliwa, wala kwa lugha gani, katika mji ambao August Spies aliyenyongwa alikuwa mhariri wa gazeti la Kijerumani la wafanyakazi. Hapa ndipo ilipo kasoro ya msingi ya mradi wake, na si katika unafiki ambao wahakiki wengine wangependa kuutafuta.

Tena jengo lenyewe linaikiri kasoro nyingine. Juu ya roshani kuu kuna roshani mbili ndogo, zilizo mwinuko mkali na mbali sana na jukwaa, ambazo ndizo zilizokuwa na viti vya bei ya chini kabisa. Adler aliweka sehemu za dari zinazofungwa kwa bawaba, ambazo kwa kuzungusha mitambo zilishuka na kuziziba roshani hizo zisionekane kabisa. Mapazia nayo yaliweza kuikata sehemu ya nyuma ya roshani kuu. Kwa njia hiyo ukumbi ulipungua hadi viti 2,500 hivi, au, kwa mikutano mikubwa, ukatanuliwa hadi kuchukua watu 7,000 hivi. Kiuhandisi hili ni jambo la kustaajabisha, na waelekezaji wa wageni hulieleza kwa fahari. Lakini lisomwe kama mhakiki asomavyo maelekezo ya jukwaa. Ukumbi ulipopunguzwa, waliotolewa hawakuwa watu wa vijumba wala watu wa sakafu ya chini. Kilichokunjwa kilikuwa nafasi ya yule hasa ambaye jumba lilidai kujengwa kwa ajili yake. Na aliyebaki chini hakujua kwamba kuna mtu aliyepungua, kwa kuwa dari iliyoshuka ilikuwa na nakshi nzuri kama dari nyingine yoyote. Katika tamthilia yote ya jengo hili hakuna maelekezo yenye ukweli mwingi kuliko hayo.

Soko nalo lilikuwa na neno lake. Orkestra ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1891 chini ya Theodore Thomas, ilipiga humo kwa misimu kadhaa, na Thomas akalalamika kwamba ukumbi ni mkubwa kupita kiasi. Viti vilikuwa vingi mno hata mpenzi wa muziki hakuona haja ya kulipia msimu mzima; alijua siku yoyote akija atapata nafasi. Mwaka 1904 orkestra ikahamia jumba jipya dogo. Wingi wa viti, ambao ulikuwa ndio moyo wa wazo la Peck, uligeuka kuwa kosa la kibiashara. Opera ilikaa hadi mwaka 1929, ikahamia jumba lililojengwa na Samuel Insull kando ya mto, lililofunguliwa tarehe 4 Novemba, siku chache tu baada ya soko la hisa kuporomoka. Hoteli iliyotarajiwa kulisha ukumbi nayo ilipitwa na wakati mapema, kwa kuwa ilijengwa kabla bafu la kila chumba halijawa jambo la kawaida.

Na chini ya yote hayo jengo lilikuwa likizama. Ardhi ya Chicago ni udongo laini wa mfinyanzi. Msingi ulikokotolewa kwa kuta nyepesi zaidi. Baadaye wakaamua kutumia mawe, na mnara nao ukaongezwa kimo. Adler aliujua upungufu huo, akaurundikia mnara vyuma na matofali tangu mwanzo wa ujenzi ili uzame mapema na ulingane na sehemu nyingine. Mnara ulitii, kuta za nje hazikutii, zikashuka mahali pengine kwa zaidi ya nusu mita. Hadi leo, katika baadhi ya sakafu za mapokezi, mzuru huhisi miguu yake ikitelemka kidogo kuelekea ukutani.

Katika mnara huo ndimo Adler na Sullivan walimokuwa na ofisi yao, na humo ndimo kijana Frank Lloyd Wright alimofanya kazi ya uchoraji wa ramani. Washirika walitengana mwaka 1895. Adler alifariki mwaka 1900. Sullivan alibaki mnarani akipungukiwa na kazi mwaka baada ya mwaka, hata akashindwa kuilipa kodi na kuondoka mwaka 1918. Alifariki akiwa fukara mwaka 1924.

Jumba lilifilisika na kufungwa mwaka 1941. Wakati wa vita lilitumiwa kuwastarehesha wanajeshi, na juu ya jukwaa alilosimama Patti zikatandazwa njia za mchezo wa kuviringisha mipira na kuangusha vigingi. Limeokoka kwa sababu isiyo ya kishairi hata kidogo: kulibomoa kungegharimu fedha nyingi mno. Kilichofuata, hata hivyo, hakikutazamiwa na wenye hisa wa 1889. Mwaka 1945 mkuu mmoja wa chuo mjini Chicago, Edward Sparling, alijiuzulu baada ya kukataa kuwapa wadhamini takwimu za rangi na dini za wanafunzi wake, kwa kuwa aliamini zingetumiwa kuwawekea kikomo Wamarekani weusi na Wayahudi. Walimu na wanafunzi wengi walimfuata, wakaanzisha Roosevelt College, iliyofungua milango yake bila vikomo hivyo. Mwaka 1946 chuo hicho kilijipatia Auditorium. Vyumba vya hoteli vikawa madarasa, na ukumbi wa chakula uliotazama ziwa ukawa maktaba. Walioingia kwa wingi kupitia milango ya matajiri walikuwa watoto wa wafanyakazi, weusi kwa weupe, pamoja na wanajeshi waliorudi vitani. Ukumbi wenyewe ulibaki gizani kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka kamati iliyoongozwa na Beatrice Spachner ilipochanga fedha na msanifu Harry Weese akaukarabati. Ulifunguliwa tena tarehe 31 Oktoba 1967.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, barabara ya Congress iliyopita mbele ya mlango wa ukumbi ilipanuliwa, na vyumba vya chini vya upande wa kusini vikatobolewa ili wapita njia wapate pa kutembea chini ya jengo. Mwaka 2018 baraza la mji lilipitisha barabara hiyo iitwe Ida B. Wells, kwa jina la mwandishi mweusi aliyezaliwa utumwani, ambaye mwaka 1893, wakati Chicago ilipoyaalika mataifa kwenye maonyesho makubwa ya dunia, alichapisha na wenzake kijitabu cha kueleza kwa nini Wamarekani weusi walikuwa wamefungiwa nje. Jina hilo ndilo linalosomeka sasa kwenye anwani ya mlango wa ukumbi.